Seli za gegedu kwenye mfupa unaokua: zinakufa au zinageuka?

mwaka_wa_pili
Habari za jioni wadau. Leo kwenye praktiko ya histolojia (somo la tishu za mwili) tumepewa slaidi ya mfupa mrefu wa mtoto wa panya. Juu nimeona seli ndogo ndogo za gegedu (ile tishu laini inayotangulia mfupa) zimetawanyika, chini yake zimepangana kama sarafu zilizorundikwa, halafu chini zaidi zinavimba zinakuwa kubwa kweli na weupe weupe ndani, kisha ghafla unaingia kwenye pinki ambayo ni mfupa. Sasa hizo zilizovimba zinaishia wapi? Kitabu kinasema zinakufa, mwenzangu kang'ang'ania zinageuka seli za mfupa. Na zingine zimesinyaa pembeni ya kishimo chake, ndo zinakufa au?

dokta_wa_pwani
Hongera, umeangalia vizuri. Hilo la kusinyaa usilihesabu kifo. Kwenye kiumbe hai seli ya gegedu inajaza kishimo chake chote, ni ule uandaaji wa slaidi ndo unaifanya inywee unabaki uwazi mweupe pembeni, wengi wanakosea hapo.

Ila kuvimba ni kwa kweli, seli inafika karibu mara 10 ya ujazo wake wa mwanzo na huko kuvimba ndiko kunakorefusha mfupa sana kuliko hata kule kugawanyika. Zikishavimba zinatoa protini iitwayo kolajeni aina ya 10, chokaa inashika kwenye kuta kati yao, halafu zenyewe ndo zinaita mishipa ya damu. Mishipa ikiingia inakuja na seli za kutafuna gegedu na za kujenga mfupa juu ya zile kuta zilizobaki.

bibi_maabara
Mwanangu, kitabu na mwenzako wote wako sawa. Zamani tulifundishwa zinakufa zote basi. Lakini mwaka 2014 zilitoka tafiti za panya waliowekewa alama ya kijenetiki kwenye seli zilizovimba, alama isiyofutika hata seli ikibadilika, na baadaye wakaikuta ndani ya seli zinazojenga mfupa. Kwa hiyo zipo zinazokufa na zipo zinazogeuka, kwenye mtihani andika yote mawili.

Na usidharau hicho kifo. Mtoto mwenye matege ya kukosa vitamini D, fosfeti kwenye damu inashuka, zile seli zilizovimba hazifi kwa wakati, zinarundikana, bamba la ukuaji (hilo tabaka la gegedu uliloliona kwenye slaidi) linakuwa nene na vifundo vya mikono vinatuna. Ukimshika mkono mtoto wa hivyo unalisikia kabisa lile tuno, inauma sana kuona maana ni kitu kinachozuilika.

supu_asubuhi
Mimi si msomi nauza supu tu, ila mbuzi mdogo akichemka sana vichwa vya mifupa vinachomoka vyenyewe, beberu mzee havichomoki. Ndo hiko mnachosema?

dokta_wa_pwani
Ndo hiko hiko kaka! Panapochomokea ndo kwenye bamba lenyewe. Kwa mzee limeshafungwa likawa mfupa. Kwa binadamu kinacholifunga ni homoni ya estrojeni, hata kwa wanaume, mwaka 1994 iliripotiwa kesi ya mwanaume wa miaka 28 ambaye mwili wake haukuitikia estrojeni, alikuwa na sentimita 204 na wakati huo bado alikuwa anarefuka.

mwaka_wa_pili
Shikamoo bibi, asanteni sana wote. Kesho narudi maabara na ile ile slaidi, naanzia pale pinki inapoanza.