Ati "mlichagua mtu, hamkuchagua bendera"! Mheshimiwa, umetutukana

Mwana_Chumbageni (mleta uzi):

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Jina silitaji, nyote mnamjua: yule wa miwani myeusi hata saa tatu usiku. Miaka mitano kakaa bungeni Dodoma kwa tiketi ya chama kile, Bunge limevunjwa tu, kesho yake katua Ngamiani hapa Tanga na rangi nyingine toka kofia hadi soksi. Hata leso ya kufutia jasho imehama chama.

Kuhama ni haki yake. Kilichonipandisha presha ni pale barazani, kwenye kahawa. Mzee wa watu, kanzu imepigwa pasi, barghashia nyeupe kichwani, kasimama kauliza kwa adabu zote: "Mwanangu, kura zetu tuliziweka kwenye chama chako. Sasa umekwenda nazo wapi?" Basi, swali ndilo hilo. Mheshimiwa kashika maiki, kashata mdomoni, akajibu: "Mzee, nyie mlichagua mtu, hamkuchagua bendera." Halafu mbele ya umma akamvika kofia ya chama kipya JUU YA BARGHASHIA. Hakuomba, hakungoja mzee avue. Kabandika kama mfuniko wa sufuria!

Na jibu lenyewe uongo. Nchi hii haina mgombea binafsi. Ibara ya 67 ya Katiba inataka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama. Marehemu Mchungaji Mtikila kalipigania hilo toka miaka ya 90, Mahakama ya Afrika pale Arusha ikampa haki 2013, na ibara imekaa palepale. Uje na wadhamini wako 25 na dhamana yako ya shilingi 50,000, kama chama hakijakuthibitisha kwenye fomu unarudi nyumbani. Kwenye karatasi ya kura picha yako inakaa na nembo ya chama, na yule mzee macho yake yalikuwa yanatafuta nembo.

Kama tulichagua mtu, mbona hakuhama mwaka wa pili? Ibara ya 71 anaijua kuliko jina la mama yake: ukiacha chama kilichokuingiza, ubunge umekwisha, jimbo linarudi kupiga kura. Kasubiri kengele ya mwisho ndipo akakumbuka yeye ni mtu.

Barghashia inashonwa kwa mkono, tundu mojamoja kwa sindano, wiki na wiki. Juu yake kaweka kofia ya bei ya sambusa mbili!

Kashata_Moto:

Mleta uzi, ubunge umeugusa kidogo, kofia umeiandikia kitabu. Mzee mwenyewe kashafika nyumbani kalala, wewe ndiyo unatetemeka. Hiyo kashata ilikuwa ya nazi au ya karanga?

Mwana_Chumbageni:

Ya karanga. Na makombo yalimdondokea mzee begani!

Bin_Pangani:

Mkuu, ibara ya 71 kwa vitendo inawabana zaidi wanaoondoka wenyewe. Anayefukuzwa anaweza kukimbilia mahakamani na kiti akakikalia. 2011 NCCR-Mageuzi ilimvua uanachama mbunge wake wa Kigoma Kusini, akaweka zuio, akaendelea kuuliza maswali kama kawaida. Wale 19 wa viti maalum wa CHADEMA waliapishwa Novemba 2020, chama kikawafukuza mwezi huohuo, wakabaki bungeni.

Na hoja ya mheshimiwa msiitupe yote. Kinondoni na Siha wabunge waliacha vyama vyao mwishoni mwa 2017, Februari 2018 ukafanyika uchaguzi mdogo, wakarudi walewale kwa bendera nyingine. Hapo gharama ya kupiga kura upya alilipa nani? Mimi na wewe. Hilo ndilo la kukasirikia, siyo kofia.

MamaMakorora:

Nyie mnagombana mtu au bendera, angalau mliona picha kwenye karatasi. Viti maalum je? Chama kikifikisha asilimia 5 ya kura za wabunge kinapata mgao, majina yanatoka kwenye orodha yake. Mama muuza samaki pale Deep Sea hajawahi kumpigia kura hata mmoja wao, na siku akiwa na shida hajui amfuate nani wala yuko jimbo gani. Hiyo ni bendera tupu!

Kashata_Moto:

Nakazia kwa MamaMakorora. Uzi huu ungekuwa wake.

Mbegani_Kwetu:

Watani zangu wa Tanga, mnalia mkiwa mmeshiba. Sisi Bagamoyo makubaliano ya bandari ya Mbegani yalisainiwa Machi 2013, 2019 yakasimama, na kila msimu wa kampeni mgombea wa kila rangi anatuletea meli ileile mdomoni. Nivikeni kofia kumi juu ya barghashia, ila nileteeni gati moja.

Nahodha_Raskazone:

Umeshiba wewe! Bandari ya Tanga miaka na miaka meli zilitia nanga huko nje, mzigo unashushwa kwenye matishari, kreni inabeba mara mbili mzigo mmoja, na mvua ikija kazi inasimama. Juzijuzi tu ndiyo wamechimba mpaka mita 13 meli ikaja gatini.

Mwana_Chumbageni:

Jamani, turudi kwenye barghashia! Mzee katukanwa mbele ya wajukuu zake!

Mbegani_Kwetu:

Mita 13 mnazo halafu mnalalamika. Sisi bado majahazi yanasubiri maji yajae.

Bin_Pangani:

Majahazi ndiyo usafiri wa uhakika. Kuna mtu kapita njia ya Pangani na Saadani wiki hii? Nina gari dogo, nataka kufika Bagamoyo Alhamisi.

Nahodha_Raskazone:

Kama mvua imenyesha usijaribu. Zunguka Segera, uje Msata, hapo lami mpaka Bagamoyo.

Kashata_Moto:

Ukipita Msata nichukulie nanasi mbili.