Breaking Bad, Money Heist au Dark: tuanze na ipi likizo hii?

Kijana wa Mbezi
Wakuu, salaam. Likizo ya wiki mbili imefika na waifai nyumbani ipo. Mimi na mke wangu tunataka tamthilia moja tu, tuianze na kuimaliza. Tumechuja zimebaki tatu: Breaking Bad, Money Heist na Dark. Yeye anapenda kitu kinachoshika tangu episodi ya kwanza. Mimi sitaki kabisa kitu kinachoanza kwa moto halafu mwisho kinazima. Game of Thrones ilivyomalizwa 2019 iliniuma mpaka leo. Ipi, na kwa nini? Tafadhali msituharibie utamu.

Mkeshaji
Money Heist, mkuu, tena kama shemeji ndiye anayetaka kushikwa mapema. Wezi wanaitana majina ya miji, Tokyo, Berlin, Rio, hadi Nairobi yumo, wanajifungia ndani ya kiwanda cha serikali cha kuchapa noti pale Madrid. Hawakuja kubeba pesa zilizopo, wamekuja kuchapa za kwao, kwa hiyo kadiri polisi wanavyochelewa kuingia ndivyo wao wanavyotajirika. Nje yuko Profesa anaongea na inspekta kwa simu. Kila ukidhani amebanwa, unakuta hilo alishalipangia.

Na kila episodi inaishia patamu. Kuna sababu. Ilipoanza kwenye runinga ya Uhispania, Antena 3, mwaka 2017, ilikuwa na episodi 15 ndefu za zaidi ya saa nzima. Netflix walipoichukua wakazikata upya zikawa 22 fupi. Kwa hiyo unaachwa hewani mara nyingi zaidi, na kulala inakuwa kazi.

Bint Pangani
Kaka Mkeshaji, nakuunga mkono kwa hizo 22 tu. Pale hadithi ilikuwa imekamilika. Sehemu ya 3 hadi ya 5 zilitengenezwa kwa sababu dunia nzima iliipenda, na inaonekana: wizi mwingine, jengo jingine, ovaroli nyekundu zilezile. Risasi zimeongezeka, akili imepungua. Kijana wa Mbezi amesema wazi kwamba mwisho ndio unaomuuma, basi tusimfiche hilo.

Mimi nasema Dark. Ni ya Kijerumani, sizoni 3, episodi 26, na unahisi kabisa kwamba waandishi walijua wanakoelekea. Mji mdogo uitwao Winden, mtambo wa nyuklia, msitu, na pango. Mtoto anapotea 2019. Mwanzo utadhani ni habari ya polisi kumsaka mtekaji, kumbe miaka yenyewe ndiyo imefungamana: 2019, 1986, 1953, kila mmoja miaka 33 kabla ya mwingine. Kuna pahala wanaweka nyuso mbili kwenye skrini, upande mmoja mtu mzima, upande wa pili yeye yuleyule akiwa mtoto, bila maneno yoyote. Nilisimamisha picha nikazitazama zile sura, maana palepale nilielewa chuki ya watu wawili niliyokuwa nikiiona tangu episodi ya kwanza.

Fundi Simu
Dark ni kali, sibishi. Lakini inataka utulivu. Familia ni nne, Kahnwald, Nielsen, Doppler na Tiedemann, na kila mtu unakutana naye katika umri tofauti. Ukichungulia simu dakika mbili, umepotea. Kama mna mtoto mdogo hapo nyumbani, iacheni kwanza.

Mkiamua kuianza, sikilizeni Kijerumani chenyewe na msome maandishi chini. Sauti ya Kiingereza iliyobandikwa juu inaua kila kitu. Hata Money Heist iangalieni kwa Kihispania, maana hasira ya Nairobi haibandikiki.

Mwalimu wa Kemia
Naomba niitetee Breaking Bad, maana naona imeachwa pembeni.

Ipo Albuquerque, New Mexico. Walter White anafundisha kemia sekondari, jioni anaosha magari ili mshahara ufike mwisho wa mwezi, na mara anaambiwa ana saratani ya mapafu. Anaamua kupika dawa za kulevya na mwanafunzi wake wa zamani, Jesse, ili aiachie familia kitu. Hapo sijaharibu utamu, yote hayo yako episodi ya kwanza. Na shemeji asiwe na wasiwasi wa kushikwa: mwanzoni kabisa kuna suruali inapepea angani jangwani, kisha gari kubwa linakuja mbio, dereva yuko na chupi na barakoa ya gesi usoni. Nani atazima hapo?

Kilichonishika mimi ni kwamba mtu anabadilika mbele ya macho yako polepole, na kila hatua ina sababu inayoeleweka. Unamwonea huruma, unamtetea, halafu siku moja unajishangaa unaanza kumwogopa. Stelingi wa kawaida hapewi nafasi hiyo. Na kemia haikuwekwa kama pambo. Mapema kabisa Walter anamwagiza Jesse anunue chombo cha plastiki kwa ajili ya asidi ya hidrofloriki. Jesse anapuuza, anatumia hodhi la kuogea la ghorofani. Ni kweli asidi ile inakula kioo na kauri, ndiyo maana maabara huitunza kwenye plastiki. Madhara kwenye dari mtayaona wenyewe.

Kijana wa Mbezi
Mwalimu, umenivuta. Ila kila mtu ananiambia mwanzo inaburuza. Na episodi 62 kwa wiki mbili zitaisha kweli?

Mkeshaji
Episodi 4 au 5 kwa siku, zinaisha. Ila ni kweli sizoni 2 ina mwendo wa taratibu, mwambie shemeji mapema.

Mwalimu wa Kemia
Ya kwanza ni fupi, episodi 7 tu, kwa sababu mgomo wa waandishi wa Marekani wa 2007 na 2008 uliikatiza. Sizoni 2 inajenga. Vumilieni, maana sizoni 4 inalipa kila dakika. Na kuhusu mwisho, ilifungwa Septemba 2013 ikiwa kileleni kabisa. Vince Gilligan, aliyeitunga, alishawashukuru Netflix hadharani kwa kuiokoa: watu walizipata humo sizoni za nyuma, wakazimaliza mfululizo, kisha wakahamia kuitazama kwenye runinga ya AMC.

Bint Pangani
Kwa mwisho, hapo sina ubishi. Breaking Bad sasa, Dark likizo ijayo mkiwa mmetulia.

Kijana wa Mbezi
Mke wangu amesoma uzi wote, ameikubali ile suruali. Tunaanza leo usiku. Swali moja tu: Better Call Saul, ile tamthilia ya Saul, wakili wa humo Breaking Bad, inaangaliwa kabla au baada?

Mwalimu wa Kemia
Baada, tafadhali. Hadithi yake inaanza miaka ya nyuma, lakini kila moja ya sizoni tano za kwanza inafunguliwa na vipande visivyo na rangi vya maisha ya Saul baada ya Breaking Bad, na sizoni ya 6 inavirudia kwa kirefu. Mkianza nayo mtakuwa mmejiharibia. Mkimaliza episodi ya 62, wekeni filamu ya El Camino ya 2019 inayomfuata Jesse, ndipo mwende kwa Saul. Nayo ina episodi 63, kwa hiyo isubiri likizo nyingine.