Mrejesho: picha na negativu za marehemu baba

Habari zenu wakuu. Niliwauliza nianzie wapi na masanduku ya picha alizoacha baba, hasa negativu (filamu za kamera zinazotumika kusafishia picha) zilizokuwa zikinuka siki.

Mliosema ni filamu ya asetati (aina ya plastiki) inayooza mlikuwa sahihi. Mvuke wake huharakisha kuoza kwa filamu za jirani, kwa hiyo nilizitenga na kuziskani kabla ya zote. Zilizojikunja sikuzilazimisha kunyooka. Za milimita 35 naziskani kwa nukta 4000 kwa inchi. Nakala kuu ni TIFF (faili kubwa lisilopunguza ubora), ndugu nawatumia JPEG (faili dogo).

Ushauri wa kupanga upya kila kitu kwa mwaka na tukio, mniwie radhi, sikuufuata. Baba aliziandika namba bahasha zake, na mpangilio huo wenyewe ni ushahidi: picha isiyo na maelezo naitambua kwa zilizo kabla na baada yake kwenye ukanda wa filamu. Basi jina la faili ni namba ya bahasha na ya fremu. Majina ya watu na mahali yako kwenye jedwali. Shangazi ndiye kamusi yetu ya sura (na hachoki kusahihisha umri wa watu!). Nyuma ya picha tunaandika kwa penseli laini tu.

Albamu za kurasa zenye gundi napiga picha ukurasa mzima, kisha nabandua kwa uzi wa meno. Zinazogoma naziacha.

Nakala ziko tatu, moja kwa dada yangu. Zimebaki slaidi za rangi.