Majina ya variabo kwa anayeanza Python: Kiswahili au Kiingereza? Tujadili

Wakuu habari zenu. Juzi nimebishana zaidi ya saa nzima na rafiki yangu ambaye nae anafundisha vijana kompyuta na tukaachana kila mtu na lake, kwahiyo nauleta ubishi wenyewe hapa. Yeye anasema anayeanza kujifunza Python alazimishwe tangu siku ya kwanza kuziita variabo zake kwa Kiingereza. Mi nasema hapana, aanze na Kiswahili, Kiingereza atakikuta mbele akishaelewa anachofanya.

Kwa ambao hamjaigusa, Python ni lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na variabo ni jina unalokipa kitu ili kompyuta ikikumbuke. Ukiandika bei = 500 basi kila ukiandika bei inajua unasema 500. Na Python haina makuu kwenye majina: lianze na herufi au kistari cha chini, lisianze na namba, lisiwe na nafasi katikati, Bei na bei ni vitu viwili tofauti, ukiandika bei-mpya itadhani unatoa mpya kwenye bei kwahiyo andika bei_mpya, na usichukue yale maneno 35 iliyojiwekea yenyewe kama if, for na while. Basi. Hakuna iliposema lazima liwe neno la Kiingereza.

Sasa kilichonifanya nishike huu msimamo. Mtoto wa dada yangu yuko kidato cha pili, jumamosi huwa namfundisha kwenye laptopu yangu. Nikampa kazi apige hesabu za genge la mama yake, nyanya, vitunguu, ndizi, mwisho wa siku imepatikana shilingi ngapi. Juu kabisa akaandika sum = 0 maana ndo alivyoona kwenye video, mauzo akayaweka kwenye orodha, alafu chini akaandika sum(mauzo) ili ajumlishe. Ikagoma: TypeError: 'int' object is not callable. Akanambia "anko mbona nimeandika vilevile kama wao", na kweli kila neno lilikua limeandikwa sawasawa, macho yameshaanza kulengalenga machozi. Kumbe sum ni jina la fanksheni (kipande cha programu kinachofanya kazi fulani ukikiita kwa jina) ya Python yenyewe ya kujumlisha, yeye juu kaligeuza kuwa sifuri, alafu chini anaiomba sifuri imfanyie kazi ya kujumlisha. Nikamwambia ile ya juu iite jumla. Ikaenda hapohapo.

Na sio sum peke yake, kuna list, max, min, input, type, id, yote hayo Python inayatumia tayari na wala haikukatazi kuyafunika, inakuacha tu uende mpaka ukwame. Na angalia ni maneno ya aina gani, ndo yaleyale ya kwanza kumjia mtu mwenye Kiingereza cha kuokoteza! Anayeandika jumla, orodha, kubwa, ndogo, aina, hagongani na chochote. Mimi nililokuta linagongana ni bin tu, kwahiyo Ali bin Juma awe makini.

Rafiki yangu akanitolea PEP 8, ule mwongozo wa uandishi wa Python wa mwaka 2001 alioshiriki kuuandika Guido van Rossum mwenyewe aliyeiunda lugha. Ni kweli mle wameomba watu wa nchi zisizoongea Kiingereza waandike maelezo wanayoyaweka ndani ya kodi (comments) kwa Kiingereza, lakini wakaongeza, isipokua kama una uhakika asilimia 120 kwamba programu haitasomwa na mtu asiyejua lugha yako. Sasa hesabu za genge la mama, nani wa Marekani atakuja kuzisoma? Na pale wanapotaka majina yenyewe yawe ya Kiingereza wanaongelea maktaba rasmi, yaani kodi iliyoandikwa tayari inayokuja na Python, sio daftari la mwanafunzi. Tena tangu Python 3 itoke mwaka 2008 unaruhusiwa kuita variabo kwa herufi za Kichina, za Kirusi, hata ukitaka kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama wazee wa Lamu walivyoandika tenzi inakubali. Wenyewe wamefungua mlango, sisi ndo tunajifungia, na sisi wala hatukuhitaji ruhusa hiyo maana herufi zetu ni a mpaka z za kawaida.

Hoja yake kwamba kazini kunahitajika Kiingereza naikubali. Ukiingia kwenye timu yenye watu wa nchi tofauti, Kiingereza, sina ubishi, na kwenye VS Code, programu ya kuandikia kodi, unabonyeza F2 jina linabadilika kila lilipotumika. Lakini huyu mtoto kasoma shule ya msingi miaka saba kwa Kiswahili, sekondari karibu kila somo limegeuka Kiingereza, leo namuongezea na mzigo wa kutafuta neno la Kiingereza la mauzo kabla hata hajaelewa variabo ni nini, matokeo yake anaandika x1, x2, x3 na wiki ijayo hajui x2 ilikua nyanya au vitunguu. Hilo nimeliona kwa macho yangu sio mara moja.

Ila nisiwafiche, Kiswahili nacho kina sehemu kinakwama na lazima tukubaliane kanuni. Ya kwanza ni ng'ombe. Ile ritifaa katikati Python inaiona ni mwanzo wa maandishi, inatafuta mwisho wake haiuoni, inatoa SyntaxError, yaani kosa la uandishi. Mi nawaambia waandike ngombe, najua walimu wa lugha hawatapenda ila hakuna njia nyingine rahisi. Ya pili ndo kubwa: majina ya ngeli ya I-ZI hayabadiliki kwenye wingi. Kitabu na vitabu hayana shida, for kitabu in vitabu (yaani pitia vitabu kimoja kimoja) inasomeka mpaka raha. Njoo kwenye nyumba sasa. Mtu anaandika for nyumba in nyumba, inazunguka vizuri mara ya kwanza, ikimaliza orodha yake yote imepotea, nyumba imebaki ni ile ya mwisho tu, na hakuna kosa lolote lililotokea kwenye skrini. Siku, bei, karatasi, ndizi, zote ziko hivyo. Dawa niliyoipata ni kuacha sarufi ifanye kazi yake, nyumba_zote, siku_zote, ndizi_zote. Yaani for nyumba in nyumba_zote. Hapo umoja na wingi vimejitenga na hajakopa kitu kwa mtu.

Naongeza baada ya kusoma majibu yenu ya mwanzo: aliyesema tuchanganye, kama getMteja au total_bei, hapo sikubaliani kabisa, jina moja libaki lugha moja, mtoto akichanganya anasahau kesho aliandika total au jumla. Na aliyeuliza fanksheni nazo tuziiteje kanigusa penyewe. Hesabu ni jina na hesabu ni kitenzi, mwanafunzi akiandika hesabu = hesabu(mauzo) fanksheni yake imekufa palepale. Kwa sasa nawaambia fanksheni zote zianze na ku, kuhesabu(mauzo), kutafuta(jina), ila kuna mmoja kaniambia zinasomeka kama vichwa vya habari. Mnaofundisha, nyie mnazipaje majina?