Tupeane uzoefu: manesi waliotuuguzia vichanga mahututi

Mama Pacha wa Kigamboni
Wakuu habari za jioni. Leo kwenye daladala kuna binti kakaa mbele yangu na kichanga kifuani, ndani ya khanga, kinaonekana kikofia cha sufu tu. Nikajua huyu katoka wodi ya njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku. Nililia mpaka konda akaniuliza kama nimeibiwa simu. Wangu walikuwa wawili, mmoja hata kilo hakufika. Bila wale masista ningerudi na begi la nguo za watoto na basi. Mwenye kisa chake amwage, ila majina ya watu msiweke.

Baba Junior
Naunga mkono hoja.

Chekecheke
Mimi nikisikia mlio wa mapovu mpaka leo nashtuka. Ile mashine ya kumsaidia mtoto kupumua, wanaojua wanajua: mpira puani kwa mtoto, mwisho wake umezama kwenye chupa ya maji, maji yanatoa mapovu usiku kucha. Sista akaniambia, "Mama, acha kuitazama sura yake utaugua bure. Sikiliza chupa. Ikinyamaza niite." Nikawa nalala nimekaa, sikio kwenye chupa. Kila ikinyamaza napiga kelele, anakuja, kumbe mpira umechomoka puani. Kuna siku nilimwita kwa sababu ya chupa ya jirani. Hakunifokea hata hiyo siku.

Mzee wa Busara
Samahani jamani, si ndiyo kazi yao? Wanalipwa mshahara. Mbona fundi bomba hatumfungulii uzi?

Chekecheke
@Mzee wa Busara fundi bomba wako akiziba anaondoka. Sista wetu usiku alikuwa peke yake na chumba kizima, anawalisha kwa sirinji kila baada ya saa tatu. Akimaliza wa mwisho, wa kwanza zamu yake imeshafika tena. Piga hesabu alikuwa anakaa saa ngapi.

Dada wa Tabata
Mimi leba nilitukanwa na kofi la paja juu. Sina wa kumshukuru.

Mama Pacha wa Kigamboni
Pole sana dada. Lakini huu ni wa shukrani, wa makofi ufungulie uzi, tutakuja kwa wingi.

Dada wa Tabata
Kwa hiyo sisi tuliopigwa tunyamaze?

Mkerewe Halisi
Naomba nafasi, yangu ni ndefu.

Mke wangu alipasuliwa Ukerewe, mimba miezi saba. Mtoto katoka kila akivuta pumzi kifua kinabonyea ndani. Daktari akasema huyu hospitali ya Bugando, Mwanza, na iwe sasa hivi. Gari la wagonjwa lipo, ila mbele yetu kuna ziwa, usiku ule kivuko cha Rugezi kimelala. Mama ana mshono mbichi, haendi popote. Mimi nimesimama kama nguzo ya umeme.

Nesi wa zamu, mama mtu mzima, mnene kiasi, akanitazama. Nimevaa jezi ya Simba, haina vifungo. Akaguna. Akafungua gauni lake la kazi, akamlaza mtoto kifuani kwake ngozi kwa ngozi, akamfunga na khanga ya mke wangu, akavaa sweta juu. "Twende."

Rugezi dereva akaenda kumgongea nahodha. Mshale wa mtungi wa oksijeni ulikuwa unashuka, mimi macho kwenye mshale. Akaniambia, "Baba, huo achana nao, nishikie tochi." Njiti husahau kupumua, sikujua. Akisahau, yule mama anamfikicha unyayo, mtoto anavuta tena. Tukavuka. Kutoka Kisorya mpaka Bunda, na Bunda mpaka Mwanza, alikuwa anamhesabia pumzi kwa sauti. Akinyamaza kidogo tu, dereva anapunguza mwendo bila kuambiwa.

Bugando walipompokea mtoto alikuwa wa moto kuliko mimi baba yake. Daktari akauliza tumekuja na mashine gani ya joto. Yule mama akajigonga kifua.

Gauni lake lilikuwa limelowa lote. Nikamvulia jezi. Asubuhi akapanda meli kurudi Nansio, zamu inamsubiri, mwana Yanga wa kulia na machozi kavaa jezi ya Simba.

Baba Junior
Daah.

Binti Usambara
Umeniliza ofisini, mkuu. Bosi anadhani nimefiwa.

Jangwani Damu
Andikeni kumbukumbu: Yanga kawabeba Simba kifuani.

Mwalimu Mstaafu
Hiyo ya kumbeba mtoto ngozi kwa ngozi ndiyo kangaruu. Ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, mashine za joto zilikuwa hazitoshi. Mwaka 2022 WHO wakashauri mtoto awekwe kifuani mapema tangu azaliwe, si mpaka kwanza akae mashine atulie.

Mama Pacha wa Kigamboni
Asante mwalimu. Mkerewe, jezi alirudisha?

Mkerewe Halisi
Hapana, na sikudai.

Nuru
Wangu hakupona. Sista alimwogesha yeye mwenyewe, akamvalisha soksi nilizokuja nazo, akanipa nimpakate mpaka nikasema basi. Hakunihimiza. Nilitaka tu kuliandika mahali.

Mama Pacha wa Kigamboni
Pole mpenzi. Umeandika mahali pake.

Kijana wa Gongo la Mboto
Wakuu, wangu katoka wodini jana na ugonjwa wa manjano. Asante tuwape nini? Pesa?

Baba Junior
Pesa usithubutu, utamponza sista wa watu aitwe TAKUKURU kwa rushwa. Katoni ya soda.

Binti Usambara
Soda wanapewa na kila mtu, watapata kisukari. Peleka pampasi za njiti. Na manjano muanike juani, mlambishe na asali.

Nesi Mstahiki
Mimi ni nesi. Asali hapana kabla ya mwaka mmoja, inaweza kumpa sumu. Na jua si mbadala wa ile taa ya bluu: manjano yakizidi au mtoto akikataa kunyonya, mrudishe hospitali usiku huohuo. Zawadi? Leteni kofia na soksi, zinapotea kila wiki. Halafu mleteni mtoto akishakua tumwone. Wengi mnapita nje mnaangalia pembeni.

Mzee wa Busara
Na sanduku la maoni je? Mtajeni huko, mkubwa wake asome.

Dada wa Tabata
Huko nilishaandika. Bado nasubiri.

Jangwani Damu
Mkerewe, mtoto yuko wapi sasa?

Mkerewe Halisi
Darasa la pili. Shabiki wa Yanga. Mama yake anasema ilimwingia kupitia ngozi.

Baba Junior
Mleteni Msimbazi, bado hajachelewa.