Fomu za usawa: mnauliza jinsi au jinsia? Amueni basi!

Wakuu, hizi fomu za ufuatiliaji wa usawa za waajiri wa Uingereza, zinazouliza wewe ni nani ili waone kama kuna kundi linaloachwa, zimenichosha. Zinachanganya jinsi (mwili, wa kike au wa kiume) na jinsia (mtu anavyojitambua). Niliyopewa juzi wakati wa kuomba kazi ilikuwa na swali moja, "Jinsia", na majibu yake: mwanamke, mwanamume, transjenda, nyingine, sipendi kusema. Weka tiki moja tu!

Haya, mwanamke transjenda, yaani aliyezaliwa akaandikwa wa kiume, aweke wapi? Akichagua "mwanamke", hayumo kwenye hesabu ya transjenda. Akichagua "transjenda", ni kama fomu inamwambia mwanamke si yeye. Na mwajiri akitaka kujua kama wanawake wanaachwa kwenye usaili, takwimu zake zimeshavurugika. Halafu wanajisifu kwamba hawajamwacha mtu!

Sheria ya Usawa ya 2010 inalinda sifa 9 dhidi ya ubaguzi. Jinsi ni sifa moja, kubadili jinsia ni nyingine. Aprili 2025 Mahakama ya Juu ikasema jinsi katika sheria hiyo ni ya kibaiolojia. Uupende uamuzi ule au uuchukie, bado haya ni mambo mawili, na mambo mawili yanataka maswali mawili. Ugumu uko wapi?

Sensa ya 2021 ya England na Wales angalau iliyatenganisha: jinsi kwanza, kisha swali la hiari la utambulisho wa kijinsia kwa wenye miaka 16 na zaidi. Hata hivyo lile la pili liliandikwa kwa mafumbo, ikaonekana huenda wengi wasio na Kiingereza kizuri hawakulielewa. Mwaka 2024 matokeo yake yakavuliwa hadhi ya takwimu rasmi zilizoidhinishwa. Kama wataalamu wa sensa waliteleza, sembuse huyu wa rasilimali watu anayenakili fomu ya ofisi ya jirani?

Na msinidanganye na ile ahadi ya waajiri, "hatuandiki jina lako". Kwenye ofisi ya watu kumi na wawili, ukishataja umri, kabila, idara na kwamba wewe ni transjenda, jina la nini tena? Ndiyo maana watu wanakimbilia "sipendi kusema", na siwalaumu.

Mlioko ndani ya ofisi za rasilimali watu, hebu tuambieni ukweli: fomu hizi zikishajazwa, kuna mtu anazisoma?