Nalala masaa manne tu, nimonia imenirudia. Usingizi unahusika?

Mkesha:
Wakuu, nina miaka 38, mlinzi wa usiku, sivuti sigara. Nikitoka lindo nafika nyumbani watoto ndio wanaamka. Najilaza saa mbili asubuhi, saa sita macho kodo. Mwaka jana nililazwa kwa nimonia, mwezi uliopita tena. Daktari hakuniuliza hata nalala vipi. Mke wangu anasema ni usingizi, mimi nasema baridi ya getini. Nani yuko sahihi?

Koti Zito:
Baridi hiyo mkuu. Babu yangu alikuwa analala masaa matatu na kafika miaka 90.

Nesi Mstaafu:
Babu mmoja si ushahidi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, waliwadondoshea watu 153 virusi vya mafua puani. Virusi vilevile kwa wote, lakini waliozoea kulala chini ya masaa 7 waliugua karibu mara tatu ya wale wa masaa 8 na zaidi. Hayo mafua. Kwenye nimonia walifuatiliwa manesi wanawake zaidi ya 56,000 hukohuko Marekani: wa masaa 5 kushuka chini waliugua kuliko wa masaa 8, kwa zaidi ya theluthi. Ila wa masaa 9 na kuendelea nao walikuwa juu vilevile, pengine kwa kuwa anayelala mno mara nyingi ana jambo lingine mwilini.

Kwa hiyo mkeo ana hoja, lakini nimonia mbili kwa muda mfupi hivyo usiuachie usingizi peke yake. Rudi ukapige picha ya kifua, pima sukari na VVU.

Mkesha:
Sukari sijawahi kupima. Na chanjo ya homa ya mafua?

Nesi Mstaafu:
Choma, ikiwezekana siku zako za mapumziko. Kuna vijana kwenye utafiti waliruhusiwa kulala masaa 4 tu kwa siku kadhaa. Siku 10 baada ya chanjo hiyo kingamwili zao, yaani askari wa mwili wanaopambana na virusi, hazikufika nusu ya za wenzao waliolala kawaida. Baadaye waliwafikia, kwa hiyo ukikosa mapumziko choma hivyohivyo.

Zamu ya Usiku:
Mimi nilitundika blanketi dirishani, bado naamka saa tano. Kumbe lilibaki tundu dogo, mwanga unatambaa ukutani mpaka unanifika usoni. Nimeliziba kwa gundi ya karatasi, sasa nafika saa nane. Simu iko jikoni.

Mkesha:
Blanketi limeshapanda. Mke kausoma uzi wote, kacheka tu. Jumatatu naenda kupiga picha.